Kilo Kumi na Sita za Dereva Wangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu saa mbili asubuhi, na ambaye kiti chake, kile chenye kitambaa cheupe, naomba mtu asikikalie hata kama amechoka. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi. Mwakilishi wa Mwakilishi, popote ulipo, karibu sana. Wakuu wa vitengo vyote sita, pamoja na makaimu wa wale walioko semina. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mwenyekiti wa kamati ya viburudisho, na mwenyekiti wa kamati ya kuratibu kamati. Makatibu muhtasi, watunza masijala, walinzi, wapishi wa kantini. Wake na waume wa watumishi mlioalikwa mje mshuhudie kwa macho yenu. Ndugu wanahabari, yule mmoja. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemsahau basi ajue nimemsahau kwa heshima zote anazostahili. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na fremuwaki, yaani isiyo na mipaka, kwa sababu leo, baada ya miaka mitatu ya upembuzi yakinifu, ziara nne za mafunzo, wekshopu kumi na moja na mpango mkakati wa kurasa mia mbili bila kuhesabu viambatisho, tunazindua rasmi Kituo cha Kisasa cha Uyeyushaji wa Mafuta Mwilini kwa Watumishi, ambacho kiko hapa hapa nyuma ya pazia hili la bluu, na ambacho kina mashine kumi na mbili za kukimbilia bila kufika popote, baiskeli nane zisizo na magurudumu, bafu za maji moto, na chumba cha vipimo chenye mizani ya kielektroniki, kipimo cha presha na kipimo cha sukari ya damu, vyote vipya kiasi kwamba hakuna mkono wa binadamu uliowahi kuvigusa. (Makofi. Dereva wa Mkurugenzi, aliyekaa kiti cha mbele kabisa, anamaliza chupa ya maji na kuchungulia chini ya meza kama kuna nyingine.)

Mpeni maji huyo, mpeni hata haya ya Mgeni Rasmi, huyo leo ni mtu mkubwa, nitamfikia.

Kabla pazia halijafunguliwa ni lazima kwanza tuelewe sayansi, asije mtu akadhani tulianzisha mradi ili tu tuwe na mradi. Maelezo ninayoyasoma yameandikwa na mimi kupitia kwa Afisa Lishe wetu, yule binti aliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango wa masijala, ambako tumemhamishia apate utulivu. Zilikuwa kurasa saba, nikazihariri mwenyewe kwa mkono wangu. Ukurasa wa tano nimeuondoa kwa sababu lugha yake ilikuwa ya kukatisha tamaa, lakini haukupotea bure, maana hii meza ya kuhutubia ilikuwa na mguu mmoja mfupi, inacheza kila nikisisitiza jambo, na sasa tumekunja ule ukurasa mara nne tukauweka chini ya mguu, na meza, kama mnavyoona, imetulia tuli. (Anaitikisa. Haitikisiki. Makofi.) Huo ndio unaitwa matumizi bora ya rasilimali.

Mwili wa mtumishi, ndugu zangu, una stoo. Stoo hiyo iko tumboni, iko kiunoni, iko mapajani, na kwa sisi wa menejimenti imefika mpaka shingoni. Mtu anapokula zaidi ya anachotumia, ile ziada haitupwi. Inageuzwa kuwa mafuta na kupangwa ndani ya seli, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao stoo yetu ya vifaa bado haijaufikia, na mtunza stoo asinune, ninasema ukweli. Mlangoni mwa stoo hiyo kuna mlinzi. Jina lake insulini, anatoka kwenye kongosho, na ana kazi mbili: ukishakula, anaifungulia sukari milango ya misuli iingie ikatumike, na papo hapo anaifunga stoo ya mafuta na kukaa mlangoni, funguo mfukoni. Ndiyo kusema mtu akila asubuhi, akala saa nne, akala mchana, akala tena kwenye kikao cha saa tisa, mlinzi habanduki, na mafuta hayatoki hata uyaimbie. (Kicheko. Wakuu wa vitengo wanaangalia vitambi vyao.)

Lakini mtu huyo akikaa na njaa kidogo, au akitembea, au akipanda ngazi badala ya kusubiri lifti, mlinzi anapunguza ukali, na vichocheo vingine vinapeleka taarifa stoo kwamba huko misulini kuna uhitaji. Hapo vimeng'enya vinaingia kazini kama wapasua kuni. Kila fungu la mafuta linakatwa, zinatoka asidi za mafuta tatu na gliseroli moja. Gliseroli inakwenda kwenye ini kutengenezwa sukari. Zile asidi tatu zinapakiwa juu ya protini za kwenye damu, ambazo ndizo idara ya usafiri, zinapelekwa kwenye misuli na kwenye moyo, na huko zinachomwa kwa hewa hii hii tunayovuta, nguvu inapatikana. Na baada ya kuchomwa zinakwenda wapi? Hapa nilisoma mara mbili nikavua miwani. Katika kilo kumi za mafuta, zaidi ya kilo nane zinatoka kwa pumzi, puani na mdomoni, na zinazobaki zinakuwa maji. Kumbe mtu akikonda, kitambi chake amekipumua! (Watu wanapumua kwa nguvu, wanacheka.)

Sasa niwe mkweli, nilipofika hapo nilisikitika kiutawala. Stoo inafunguliwa bila kikao! Mali inatoka bila saini yangu, bila nakala tatu, bila hata muhuri, inapakiwa, inasafirishwa, na inamfikia mlengwa dakika ileile! Mimi nikiomba kalamu nyekundu hapa ofisini inanifikia nikiwa nimeshasahau nilitaka kusahihisha nini. Nikamwita Afisa Lishe nikamwuliza, "Binti yangu, anayeidhinisha huko mwilini ni nani?" Akanijibu, "Hakuna, bosi. Mwili ukihitaji, unatoa." Nikamwambia hiyo ni hatari, mali haiwezi kutoka kwa sababu tu kuna anayeihitaji, na tangu siku hiyo akapata uhamisho. (Afisa Lishe ananyoosha shingo. Anamwangalia dereva, ambaye ameinuka na kutoka nje mbio mbio, mkono kwenye mkanda wa suruali.)

Mwacheni aende, atarudi, huwa anarudi. Leo ni mara ya nne.

Tuingie kwenye takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Kila Jumatatu, kwa miezi mitatu, watumishi wote arobaini na wawili wamepanda juu ya mizani ya stoo, ile ya kupimia magunia, kwa sababu ile ya kielektroniki iko nyuma ya pazia na haiwezi kutumika kabla ya kuzinduliwa. Fomu niliibuni mwenyewe. Ina safu ya jina, safu ya kilo zilizopungua, na safu ya saini yangu. Mtu mmoja alipendekeza tuweke safu ya sababu za kupungua, nikakataa, kwa kuwa sababu tayari inajulikana, ni mradi. Na matokeo, au tuseme impakti, ni haya: idara nzima imepunguza jumla ya kilo kumi na moja. (Makofi makubwa.) Na kati ya hizo kilo kumi na moja, dereva wangu peke yake amepunguza kilo kumi na sita!

(Makofi yanaanza, yanasita. Mtunza stoo: "Mkurugenzi, samahani, kumi na sita zimetokaje ndani ya kumi na moja?")

Swali zuri na limepokelewa. Jibu ni kwamba sisi wengine arobaini na mmoja, kwa ujumla wetu, tumeongeza kilo tano, na mimi kama kiongozi nimebeba tatu kati ya hizo tano peke yangu, sikutaka kuwaachia ninyi mzigo. (Kicheko kirefu. Dereva anarudi, anashika ukuta, anashika kiti, anataka kukaa.)

Usikae! Njoo hapa mbele, njoo. Ndugu zangu, mnamwona? Huyu ninyi mnamwita Klachi. Miaka tisa ananiendesha, mnamkumbuka alivyokuwa, mlango wa gari ukifunguka linatangulia tumbo, halafu yeye. Sasa mtazameni. Hili shati la sare tulimshonea mwaka jana, oneni kola yake, shingo mbili zinaingia humu. Huu mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari, tundu la nne hilo. Klachi, waambie watu, umefanya mazoezi gani?

("Sijafanya, bosi. Mimi nakaa tu kwenye gari nakusubiri wewe.")

Mnasikia unyenyekevu huo! Na chakula, umejinyima chakula gani?

("Sijajinyima. Nakula sana, bosi, nakula kuliko zamani. Ila nguvu sina. Miguu kama si yangu.")

Anakula kuliko zamani na anakonda! Andika hiyo, ndugu mwanahabari. Mradi ambao haujafunguliwa mlango umeyeyusha mtu aliyekaa kwenye kiti, je, ukifunguliwa? Na si uzito tu, nidhamu yake yote imebadilika. Zamani alikuwa hapendi maji, sasa anabeba dumu la lita tano garini na linaisha kabla ya saa sita. Tukawa na changamoto ndogo ya kusimamisha gari kila baada ya robo saa aende kichakani, nikamwandikia barua ya onyo, barua mbili. Wiki iliyopita akaligonga geti, anasema macho yana ukungu, nikamsamehe. Na mkisogea karibu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana. Nilidhani amebadilisha dawa ya meno kwa heshima ya uzinduzi. (Watu wachache wanacheka. Afisa Lishe anasukuma viti, anakuja mbele.)

(Mke wa dereva, safu ya pili, anasimama: "Shemeji, hizo pongezi zako hazitamponya huyu mtu. Mimi ndiye ninayelala naye, anaamka mara sita kukojoa. Tangu jana anatapika. Nimeleta maombi hapa ofisini mara mbili apewe ruhusa aende hospitali, yanarudi yameandikwa 'baada ya uzinduzi'. Mwandiko wa nani huo?")

Shemeji, mwandiko ni wangu, siukatai, na uliandikwa kwa nia njema, kwa sababu uzinduzi bila mfano hai ni maneno matupu. Atakwenda hospitali, nani amekataa? Ratiba inasema pazia saa tano, picha ya pamoja saa tano na nusu, viburudisho saa sita, halafu ruhusa. Ni saa moja tu imebaki. Klachi, simama vizuri tupigwe picha. Klachi? Mbona unahema kama umekimbia? Jamani, mshikeni, ananiangukia kwenye mikrofoni!

(Dereva anakaa sakafuni. Anahema kwa kina, haraka haraka. Mkewe yuko chini naye, amempakata kichwa. Afisa Lishe anapiga magoti, ananusa pumzi yake, kisha anaingiza mkono chini ya mguu wa meza na kuvuta. Meza inainama upande mmoja, glasi ya Mkurugenzi inateleza.)

Binti, binti, unavuruga meza! Hizo ni nyaraka za idara!

("Hizi nimeziandika mimi," anasema Afisa Lishe, na anaukunjua ule ukurasa na kusoma kwa sauti, bila mikrofoni. "Ukurasa wa tano. Dalili za hatari. Kiu isiyokatika. Kukojoa kila saa. Macho kuona ukungu. Kula sana na kukonda bila kutafuta kukonda. Kutapika, kuhema kwa kina, pumzi ya matunda. Hapo ujue mlinzi wa stoo hayupo. Sukari imejaa kwenye damu na hakuna wa kuifungulia milango, misuli inalia njaa katikati ya chakula, na stoo ya mafuta iko wazi, inamwagwa ovyo mpaka damu inageuka sumu. Mtu wa namna hii asipongezwe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo." Anamgeukia Mkurugenzi. "Bosi, kipimo cha sukari kiko nyuma ya pazia. Fungua nimpime, nipige simu hospitali wajiandae.")

Pazia halifunguliwi kabla ya Mgeni Rasmi.

("Fungua, baba. Kipimo ni kidogo kama simu. Dakika moja tu.")

Binti yangu, sikiliza, vifaa bado viko kwenye maboksi, na maboksi yana funguo, na funguo ziko kwa mtu, na huyo mtu, aah, yuko ziarani. Nendeni hospitali tu. Kwa nini mpime hapa na hospitali ipo? Nendeni. Ila na gari langu? Hilo ni gari la shughuli maalumu, lazima kwanza tujaze fomu ya safari, nani ana fomu ya safari? (Mke wa dereva anaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, anatoa funguo za gari, anamrushia mlinzi wa getini, anayejua kuendesha. Watu sita wanambeba dereva juu juu, mkewe na Afisa Lishe wanafuata. Mtunza stoo anafungua milango yote miwili ya ukumbi. Hakuna anayesaini popote.)

Basi, basi, nimeidhinisha! Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nimeidhinisha! (Gari linasikika likiondoka.)

Ndugu zangu mliobaki, kaeni, tusipoteze ari. Wewe wa nyuma, kaa. Niseme nini? Hotuba hii ina kurasa sita na nimefika ukurasa wa sita. Hapa nimeandikiwa kaulimbiu. Mimi nikisema "Mafuta!" ninyi mnasema "Yayeyuke!" Mafuta! (Watu wanaangalia mlango.) Mafuta! (Mpishi mmoja wa kantini: "Soma ule wa tano.") Umeshasomwa, mama, sote tumeusikia. Mradi! ("Wa tano!") Nidhamu! ("Wa tano!" Sasa ni wengi.) Jamani, meza hii inacheza, siwezi kusoma kwenye meza inayocheza.

(Baada ya nusu saa ya kubishana hivyo, simu ya mtunza masijala inalia. Anasikiliza. Anasema: "Ni mke wa Klachi. Wamefika. Wamempima, sukari imepita mwisho wa kipimo, mashine imekataa hata kuonyesha namba. Wamemtundikia dripu, wamempa insulini. Daktari anauliza nani alikuwa naye tangu asubuhi. Anasema tungesubiri hiyo saa moja, tungemzika.")

Miaka tisa. Miaka tisa ananiendesha, nakaa kiti cha nyuma, nasoma gazeti. Nilimwona anakonda kila siku, nikafurahi. Hilo halimo kwenye karatasi, nalisema tu.

Sasa nihitimishe kwa shukrani, maana shukrani zilikuwa sehemu ya hotuba na sina kingine nilichobakiza. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye kusema kweli hatukumwalika, kwa sababu angetaka kuingia ndani. Naishukuru kamati ya upembuzi yakinifu, iliyopembua miaka mitatu ikakuta hakuna chumba. Namshukuru fundi cherehani aliyetuazima pazia hili la bluu, anaomba apate pazia lake kabla ya saa kumi, ni la mteja wake wa harusi, tafadhali mlitoe taratibu msije mkalichana. (Wapishi wawili wanalivuta pazia. Nyuma yake kuna ukuta, msumari mmoja, na kalenda ya mwaka juzi.) Namshukuru aliyepaka huo ukuta rangi, kazi nzuri. Zile kilo kumi na sita naomba zifutwe kwenye ripoti. Najua zikifutwa kinachobaki ni kilo tano tulizoongeza. Iandikwe hivyo hivyo.

Na mwisho, namshukuru Afisa Lishe, ambaye ameondoka na gari. Nyumbani kwangu ni mwendo wa kilomita saba, hospitali ni kumi na moja, na dereva sina. Nitakwenda hospitali. Mtu anishikie hili koti. Asanteni kwa kunisikiliza. (Hakuna makofi. Mkurugenzi anashuka jukwaani, anasimama mlangoni kufunga kamba za viatu, tumbo linamzuia kuzifikia. Mpishi wa kantini anainama na kumfungia.)